Kikombe Chenye Rangi ya Kucha

Shangazi,

Maharage yako jikoni, bado chumvi tu. Soma hii kabla hujavua viatu.

Nampeleka mdogo wangu kliniki. Asubuhi bafuni kulikuwa kimya, maji hayamwagiki, nikagonga mpaka akafungua. Kajikata mkono. Nimemfunga kitambaa chako cha kichwa, usikitafute. Sasa kakaa mlangoni, naandika huku namtazama. Anarudia neno moja: "Dada, niache, nimechoka kuwa mimi."

Nimembembeleza mpaka akasema. Ni kile kikombe chake ulichokipaka rangi ya kucha, ili sisi tusije tukakinywea kwa makosa. Mimi nilidhani hajali, maana alikuwa anatania, "Jamani, msiguse kikombe cha bosi!" Kumbe kila chai ilikuwa inamwambia yeye ni uchafu. Na nesi alitueleza virusi vya UKIMWI havipiti kwenye kikombe. Ulikuwepo, Shangazi, ukaitikia kwa kichwa.

~~Usimwambie Baba.~~ Mwambie, ila asifoke wala asiulize kwa nini. Akae naye tu. Vitu vyote vyenye makali mpelekee jirani atuwekee. Vidonge vyake nimebeba, saa yake isipite.

Nilitaka kukivunja hicho kikombe. Nimekiacha, ndicho kimekandamiza karatasi hii. Tukirudi, tukukute unakinywea chai. Usiseme kitu, kunywa tu, akuone.

Wewe hutakufa kwa kukinywea, Shangazi. Yeye ndiye nashindwa kumshika peke yangu asituponyoke.

Mwanao,
dada yake