Namba ya Mzee Shomari

Zinga, Bagamoyo

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Marahaba, mama. Shikamoo yako imefika pamoja na barua. Sisi hatujambo, goti la bibi yako limepoa, na mwaka huu mihogo imekubali.

Unaniuliza: fundi mkuu wenu wa ndege amekosea kipimo, umwambie au umsitiri?

Ujanani nilisoma kipimo cha mgandamizo wa hewa kwenye kiwanja cha ndege cha udongo huku kwetu. Rubani akikaribia kutua, tulimtajia namba kwa redio, naye akaitumia kurekebisha saa yake ya kimo, ile inayomwonyesha yuko juu kiasi gani. Siku moja Mzee Shomari, mkubwa wangu kazini na rika la baba yangu, aliandika namba asubuhi. Alasiri akaenda kuswali. Ndege ikaita, nikatazama kipimo, mshale umeshuka chini ya namba yake. Ila kufuta maandishi ya mtu mzima niliona ni utovu wa adabu. Nikataja ile ya asubuhi.

Saa ikamwambia rubani yuko juu, kumbe yuko chini. Ndege ikakwangua minazi, ikapanda, ikazunguka, ikatua salama, kuti limenasa gurudumuni.

Mzee Shomari alilinasua mwenyewe.

"Wewe ulisoma ngapi?"

Nikamwambia.

"Kumbe umeniheshimu mimi, ukamsahau aliye hewani."

Akaikata namba yake, akanipa kalamu niandike yangu.

Basi, mama, kesho mwamkie mkubwa wako kwa adabu zote. Akishaitikia marahaba, mwambie ulichokiona.

Ni mimi babu yako,
Salum