Nilimpa Mume Wangu Jua la Friji la Chanjo

Mpendwa Bi Mwanamwema, shikamoo. Naomba unisaidie, maana jambo hili siwezi kumwambia padri wala dada yangu, wote wawili wanampenda mume wangu. Mimi ni muuguzi wa zahanati ya shamba la mkonge, ndani kutoka Pongwe, na mume wangu Laurenti alikuwa fundi umeme wa shamba hilo hilo mpaka lilipouzwa mwaka juzi, wenye mali wapya wakapunguza watu, naye akawamo, akakaa nyumbani miezi saba bila kusema zaidi ya "ndiyo" na "hapana", mtu aliyekuwa akiitwa kila kona ya kiwanda.

Katika klabu ya mameneja, ambayo sasa imefungwa na uwanja wake wa gofu umeota magugu, kulikuwa na kigari cha umeme alichokiacha meneja mmoja wa zamani mwenye goti bovu, na wenye mali wapya walipotaka kukitupa Laurenti akakiomba, wakampa kwa barua, akakisukuma mpaka nyumbani, akakifungua chote, akasafisha betri zake sita na kuzitia maji, na siku kilipotembea hatua kumi nilimwona anacheka peke yake. Taabu ilikuwa umeme. Kambi yetu ilikatwa waya shamba lilipouzwa, na umeme uliobaki ni wa paneli za sola zilizo juu ya paa la zahanati, ambazo wafadhili walizileta kwa ajili ya friji la chanjo na taa moja ya chumba cha kuzalishia.

Akaniambia, "Mama Noa, ikifika saa sita betri ya friji imeshajaa. Jua la mchana wote linapotea bure juu ya bati." Nilikwenda kuangalia nikaona anasema kweli, basi nikampa ufunguo, akawa anakuja na betri zake mbili mbili, kwa kuwa sita kwa pamoja mtambo ule hauziwezi, na tangu Desemba mpaka Machi friji halikupata joto hata siku moja, na kigari kikawa kinabeba wagonjwa mpaka barabara kuu, maana gari la wagonjwa la shamba liliuzwa pamoja na matrekta.

Mwezi wa nne masika yakaanza, mawingu wiki nzima, nikamwambia asimamishe kuchaji, akakubali. Jumatatu moja asubuhi akaletwa Mwanamkasi, mke wa mkata mkonge, ana uchungu siku ya pili na mtoto amelala vibaya tumboni, na betri mbili za kigari zilikuwa zimeisha chaji, na Laurenti hakuniuliza, alilichomoa friji akaziunganisha betri zake na betri ya friji zinyonye umeme uliokuwamo, na mimi, Bi Mwanamwema, nilikuwa nimemshika Mwanamkasi mkono, nikaona waya umehamia wapi, na sikusema kitu. Saa saba waliondoka. Mwanamkasi alipasuliwa mjini, yeye na mwanawe wako hai.

Laurenti alirudisha waya jioni, lakini betri ya friji ilikuwa tupu na jua halikutoka. Jumatano nilipofungua friji kipimajoto kilisoma nyuzi kumi na tisa, na haifai kupita nane. Sheria naijua, chanjo hutupwa na wilaya huarifiwa. Lakini chanjo ile tuliisubiri wiki tano, akina mama kumi na mmoja walikuwa wameshakaa barazani na watoto wao, na nikiarifu nitaulizwa friji limepatwa na nini. Nikaandika kwenye daftari nyuzi saba. Nikawachoma watoto wote kumi na mmoja chanjo ya surua.

Sasa imepita wiki tatu na surua imeingia kambi ya pili. Kanisani Laurenti anaombewa baraka kwa jina, kwa kumwokoa Mwanamkasi. Nilipomweleza habari ya friji alisema, "Mwanamkasi yuko hai. Na watoto hao wazima. Sasa unataka kumzika nani?" Tangu hapo hatuzungumzi. Pengine chanjo haikuharibika. Je, niseme au ninyamaze? Na nikisema, nimtaje mume wangu?

Praxeda (si jina langu)

*

Praxeda, jibu hili nimelikabidhi kwa kondakta wa basi la Pongwe siku ile ile niliyosoma barua yako. Gazetini litatoka baadaye, kwa kuwa surua haingojei gazeti la Jumapili.

Nimekwenda kumuuliza daktari wa watoto bila kukutaja. Anasema chanjo iliyopata joto huwezi kuitambua kwa macho, na mtoto akichomwa mara ya pili hadhuriki. Basi hilo "pengine" lako liweke kando. Lingekuwa na maana kama kurudia kungekuwa na hatari.

Sikulaumu kwa ile Jumatatu. Mngemwacha Mwanamkasi afie mlangoni kwenu mkilinda friji, leo ungeniandikia barua nyingine mbaya zaidi. Lakini Jumatano, mwanangu, hapakuwa na mtu anayekata roho. Palikuwa na wewe na kalamu. Akina mama wale walikuvulia watoto wao nguo kwa sababu wanakuamini, ukawarudisha nyumbani wakidhani wamekingwa. Hilo ni lako peke yako, usilitie kwenye waya wa Laurenti.

Kesho, usingoje Jumatatu, chukua daftari uende ofisi ya chanjo ya wilaya. Ikate ile saba kwa mstari mmoja ili isomeke bado, uandike kumi na tisa, utie sahihi. Omba chanjo mpya. Kisha pita nyumba kwa nyumba, wewe mwenyewe, usimtume mtu, na uanzie kambi ya pili. Sema, "Niliwachoma watoto wenu dawa iliyopata joto, nilijua, nikanyamaza." Usiongeze maneno ya kujipamba.

Mumeo mtaje kwa alilofanya na sababu yake, bila kumficha wala kumsukumia. Mwonyeshe barua hii. Laurenti, baba, hakuna anayekudai umrudishe Mwanamkasi kaburini. Unadaiwa kupanda juu ya bati kuondoa waya wako, na kusimama kando ya mkeo anapoongea. Mkitaka tena jua la mchana, liombeni wilayani kwa maandishi, la kiangazi tu, na ufunguo usiwe wako.

*

Wiki nne baadaye Praxeda aliniandikia tena, akaniruhusu nichape yote:

"Nilikwenda. Wilayani nimepewa onyo la maandishi, na zahanati nimewekewa msimamizi kwa miezi sita. Laurenti aliondoa waya kabla sijamaliza kumsomea barua yako, na nyumba kwa nyumba tulikwenda pamoja, yeye akisimama uani, kofia mkononi. Watoto kumi wamechomwa upya. Wa kumi na moja, binti wa Samira wa kambi ya pili, tulimkuta ameshatoka vipele. Alilazwa siku kumi na sita, akapona, lakini amekonda na sikio moja linatoa usaha. Daktari alisema hata chanjo nzuri wakati mwingine haishiki. Nilimwambia Samira hivyo. Akanijibu, 'Wewe ndiye ulinifanya nisijue.' Tangu siku hiyo haitiki salamu yangu. Nimemwomba radhi mara tatu. Nifanye nini zaidi?"

Praxeda, ulilofanya ni gumu na umelifanya, nami nakuheshimu. Hutajua kamwe kama ni joto lile au la. Itabidi uishi hivyo.

Mara tatu zinatosha. Ya nne ungeomba ili wewe upate usingizi, na hiyo si kazi ya Samira. Sikio la mtoto ndilo kazi yako: hakikisha anafika kwa daktari wa masikio mjini, na ikiwa mama yake hataki kukaa karibu nawe, mtafutie mtu mwingine wa kumsindikiza. Ukikutana naye njiani msalimie kama unavyowasalimia wenzake. Asipoitika, nenda kazini.