Mililita mbili badala ya nane

Jumatano, jioni. Mvua imekatika sasa hivi na mawe meusi ya mbele ya nyumba bado yanang'aa maji. Nimeoga, nimebadilisha nguo, lakini mikono bado inanuka klorini.

Naandika kabla sijapata nafasi ya kujitetea.

Kwa wasiojua kazi yangu: mimi husimama kando ya ziwa, pale watu wa mtaa wetu wanapochota maji. Nina chupa ya dawa ya klorini na sirinji isiyo na sindano. Mtu akijaza bidoni yake, dumu la maji, namtilia dawa, anasubiri nusu saa, anakunywa. Bidoni ya lita ishirini inapata mililita nne. Ya lita kumi, mbili. Ya lita tano, moja. Maji yakiongezeka na dawa inaongezeka, yakipungua na dawa inapungua. Hesabu hiyo mkono wangu unaifanya wenyewe, hata nikiwa napiga hadithi na wamama.

Pengine ndiyo maana nilijiamini.

Mwaka huu nimejiandikisha kufanya Exetat, mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, nikiwa na umri wa miaka thelathini na mbili. Nilitoka Butembo nikiwa darasa la tano la sekondari na sikurudi tena shuleni. Prof anayetufundisha Jumamosi katika sali, ukumbi wa parokia, alitupa karatasi ya mazoezi: règle de trois, hesabu za uwiano, ile ya moja kwa moja na ile ya kinyume. Alituambia kabla ya kugusa kalamu tujiulize: hiki kikizidi, kile kinafanya nini? Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sikuelewa. Mazoezi ya moja kwa moja niliyamaliza yote. Ya kinyume niliyaruka, nikasema nitayarudia.

Leo saa nne asubuhi chupa yangu iliisha. Papa Bahati, msimamizi wetu, alikuwa ameniachia nyingine, ameandika juu yake kwa kalamu ya bic: "Nguvu nusu." Dawa ilikuwa imepungua kwenye depo, ghala letu la dawa, wakaizimua. Vidonge vya kupimia maji navyo vimekwisha tangu wiki iliyopita, kwa hiyo hakuna kitu ambacho kingenionyesha kosa. Nilisoma yale maneno, nikawaza haraka haraka, foleni ikiwa ndefu: nguvu ni nusu, basi na kipimo nusu. Nikaanza kutia mbili.

Mbili. Mpaka saa sita, chupa ilipoisha na ile ya kawaida ikaletwa.

Nilirudi nyumbani, nikapika, nikala. Saa tisa nikakaa mlangoni na ile karatasi ya Prof. Zoezi la kwanza la kinyume: wamama sita wanalima shamba la maharage huko Kiwanja kwa siku nane, wamama kumi na wawili watalilima kwa siku ngapi? Nikaandika kumi na sita. Nikaliangalia lile jibu. Wamama wameongezeka mara mbili, halafu kazi ichukue muda mrefu zaidi? Nimelima, najua. Nikafuta, nikaandika nne. Sita mara nane ni arobaini na nane, kumi na mbili mara nne ni arobaini na nane. Jumla ya kazi haibadiliki. Kimoja kikipanda, kingine lazima kishuke.

Nilifurahi. Nasema kweli, kwa muda mfupi nilifurahi kama mtoto.

Halafu ile chupa ya asubuhi ikanijia akilini.

Dawa ikiwa na nguvu nusu, kipimo kinapanda mara mbili. Ilitakiwa nane. Mimi nilitia mbili. Watu walibeba maji yenye robo ya dawa, katika mtaa ambao mwezi uliopita tu kipindupindu kilikuwa kinapita nyumba kwa nyumba.

Sikuinuka mara moja. Hili ndilo sitaki kuliandika. Nilikaa pale mpaka chai ikapoa kikombeni, nikijiambia kwamba hakuna atakayejua. Maji yenye dawa na maji yasiyo na dawa yana rangi moja. Mtoto akiugua, watasema ni choo, ni samaki, ni mikono. Nikaanza hata kuyatafuta maneno ambayo ningesema watu wakija kuniuliza. Maneno yalikuja upesi, na wepesi wake ndio ulioniinua.

Nilimkuta Papa Bahati ziwani, anajikinga mvua ndogo chini ya turubai.

"Papa, nilikosea. Ile chupa ya nguvu nusu. Nilitia mbili."

Alinitazama. "Mbili ya bidoni ya lita kumi?"

"Mbili ya bidoni ya lita makumi mbili."

"Juu ya nini, Kahindo?" Alitaka sababu.

"Niliwaza kama dawa ikipunguka, na kipimo kipunguke."

Alivua kofia, akaivaa tena. Nilingoja anifukuze. Akauliza tu: "Bidoni ngapi?"

Hilo nilikuwa nalo, kwa sababu kila bidoni naipigia mstari kwenye daftari. Sitini na moja kutoka saa nne hadi saa sita.

Alichukua megafoni, mimi nikachukua chupa ya kawaida na sirinji. Tukapanda mtaani. Yeye alikuwa anatangaza kwamba waliochota asubuhi wasinywe, walete bidoni mlangoni. Mimi nikaingia ua kwa ua. Dawa sasa ilikuwa ya nguvu kamili, na mbili za ile dhaifu ni sawa na moja ya hii, kwa hiyo kila bidoni nzima ya lita ishirini ilidai tatu zaidi. Nilipiga hesabu hiyo mara nne nikitembea, kwa sababu sikuiamini tena akili yangu. Kwenye ua wa kwanza nilimwomba Papa Bahati aipige naye.

"Tatu," akasema. "Na kama wamesha kutumia nusu?"

"Moja na nusu."

"Sawa. Endelea."

Wengine walicheka. Wengine walinung'unika kwamba wametembea na mzigo bure. Mzee mmoja alikuwa amemwagia nyanya zake maji yote, nikatamani kumkumbatia.

Kisha nikafika kwa Mama Sifa. Alihamia mtaa wetu akitokea kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, na kwao ni Rutshuru. Huwa wa kwanza kwenye foleni, na huwa ananiletea mahindi ya kuchoma. Bidoni yake ilikuwa karibu tupu.

"Mama, hii maji mulisha kunywa?"

"Tulisha kunywa. Sifa pia. Juu ya nini?"

Sifa ana miaka miwili. Alikuwa amekaa juu ya mkeka, anatafuna kifuniko cha bidoni. Nikamweleza mama yake yote, bila kupunguza. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa gumu kuliko matusi.

"Weye njo ulikuwa unatuambiaka kama maji iko muzuri," akasema. "Ile siku zote, mimi sikuangaliaka sirinji. Nilikuwa naangalia weye."

Nilimwachia pakiti mbili za serum ya kunywa, ile ya kurudisha maji mwilini, nikamwonyesha namna ya kuzichanganya na dalili za kuangalia, na Papa Bahati akampa namba ya kituo cha afya. Nilipogeuka kuondoka aliniita.

"Kahindo. Ukuje kesho asubui kumuona. Usitume mutu."

Tumepata bidoni arobaini na nne. Kumi na saba hatujui zilikoenda. Papa Bahati ameandika ripoti na jina langu limo. Amesema kuanzia sasa kila chupa itaandikwa kipimo chenyewe, si nguvu peke yake, kwa kuwa hata yeye alitakiwa kukiandika. Kuhusu kazi yangu, depo itaamua Ijumaa. Sikumwuliza zaidi.

Karatasi ya Prof iko hapa mezani, imebaki mazoezi sita ya kinyume. Nimefanya mawili. Majibu ni sahihi, nimeyahakiki kwa kuzidisha.

Nikisikia mtoto analia popote mtaani nasimama na kusikiliza. Kumi na saba. Ni nani aliyezibeba?

Kesho saa kumi na moja na nusu alfajiri nitabisha kwa Mama Sifa, kabla ya kushuka ziwani. Nitaenda mwenyewe.