Nilimpima Binti Yangu Kiuno Mbele ya Familia

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba kwanza usicheke, ingawa najua utacheka, kwa sababu barua hii ingekuwa ya mtu mwingine hata mimi ningemwita mke wangu aje tuisome pamoja.

Mimi ni fundi cherehani wa suruali na sare za shule, mwanamume wa miaka arobaini na tisa, na kazi nafanyia nyumbani, ghorofa ya tatu, cherehani yangu iko sebuleni karibu na dirisha ambako mwanga ni mzuri, na tangu nihamishie kazi hapa miaka minne iliyopita ratiba yangu imekuwa kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha chai, kutoka kiti cha chai kwenda kiti cha cherehani, na jioni kutoka cherehani kwenda kwenye kochi kupumzika uchovu wa kukaa. Tumbo nalo likaona limeachiwa uwanja. Usidhani niko peke yangu. Mke wangu anapokea simu za malalamiko za kampuni moja, naye siku hizi anafanyia kazi chumbani, amevaa visikizi vyake masikioni, anawaomba watu radhi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni bila kuinuka. Mama mkwe tunaishi naye, magoti yanamsumbua, kwa hiyo kiti chake na yeye wamekuwa kitu kimoja. Mwanangu wa kiume ana miaka kumi na anachokimbiza ni magari ya kwenye simu ya mama yake.

Aliyekuwa na uhai kwa niaba yetu sote ni binti yangu wa miaka kumi na minne, ambaye tunamwita Redio kwa sababu alikuwa hazimiki. Akifagia anacheza, akiosha vyombo anacheza na kuimba, akitumwa jikoni anakwenda kwa kurukaruka, hata bibi yake alikuwa akimwambia, wewe mtoto tembea kama watu. Naandika "alikuwa", na hilo ndilo linaloniuma.

Mambo yalianza siku niliyopandisha jora la kitambaa begani. Nilipofika ghorofa ya pili miguu ikagoma, nikakaa kwenye ngazi nikiwa nimelikumbatia lile jora kama ndugu niliyeonana naye baada ya miaka mingi. Jirani yetu wa ghorofa ya nne ni muuguzi, sote tunamwita Sista, akanikuta pale, akanipeleka kwake akanipima, presha juu. Nikaenda kliniki, nikapewa dawa na nikaambiwa nitembee kila siku. Nikamwambia Sista nitatembea wapi, barabara yetu inachimbwa, malori na vumbi kutwa, hata mbuzi hana pa kupita. Akasema basi fanyeni humo humo ndani, tena nyumba nzima, maana na wenzako nawaona, muhimu ni kuuchangamsha mwili kila siku.

Mimi nikilishika jambo nalishika kwelikweli. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilipuliza filimbi. Tukasukuma kochi ukutani, tukaruka kamba kwa zamu, tukapanda na kushuka ngazi, mama mkwe akawa anainua chupa mbili za maji akiwa ameketi na alitushinda wote kwa pumzi, mpangaji wa chini akawa anagonga dari yake kwa mpini wa ufagio, na mwanangu akasema huyo naye anafanya mazoezi ya mikono. Wiki ya kwanza tulicheka sana, mshauri. Watoto wakaniita Kamanda na nikavimba kichwa.

Sasa kosa. Mtu aliyeishi na futi ya kupimia shingoni kwa miaka ishirini na tano hawezi kufanya kitu bila kukipima. Nikachukua daftari langu la vipimo vya wateja, kila mtu nikamfungulia ukurasa wake, na kila Jumamosi asubuhi nikawa nawapanga mstari sebuleni napima viuno, kisha naandika namba kwa kalamu nene kwenye karatasi na kuibandika mlango wa jikoni, nikiamini watu wakiziona watapata moyo. Na kwa kuwa nimeamua kusema ukweli niuseme wote: kiuno changu niliandika thelathini na nane, na futi ilikuwa inasema arobaini na mbili. Ni mazoea ya kazi. Mteja anayeogopa namba namtajia ndogo, halafu kitambaa nakata kwa ile kubwa, suruali inamkaa na tunabaki marafiki.

Jumamosi ya tatu ikafika zamu ya Redio, na kiuno kilikuwa kimeongezeka inchi moja na nusu. Nikaisoma namba kwa sauti, na kwa mdomo wangu huu nikasema, "Huyu kitambaa cha nguo hakimtoshi tena, mleteeni cha mapazia." Wote wakacheka, mke wangu akiwamo, mama mkwe akiwamo. Hata yeye alicheka, tena alianza kabla yetu, na ndiyo maana sikujua nimefanya nini.

Kuanzia Jumatatu akavaa sweta langu kubwa la zamani na hajalivua, na joto lote hili. Asubuhi nikipuliza filimbi anasema tumbo linauma. Chakula kikiiva anasema amekula kwa rafiki yake, au anachukua sahani anasema atakula chumbani kwa sababu ana kazi za shule. Na amenyamaza, mshauri. Anafagia kimya. Nyumba imekuwa kama umeme umekatika.

Wiki iliyopita mteja alitaka mto, nikauendea mfuko wangu wa mabaki ya vitambaa nipate vya kujazia. Chini ya mabaki nikakuta vipande vya mkate vimekauka na wali umefungwa kwenye karatasi za daftari, si wa siku moja. Nikambebea mke wangu chumbani, nikakuta anazungumza na mteja. Akavua visikizi katikati ya simu, jambo ambalo sijawahi kuliona, akaangalia mkate, akaniangalia mimi.

"Baba Redio," akasema, "mtoto anaficha chakula kwenye takataka zako, na jana ulikuwa unaniuliza kama Jumamosi tunapima."

Tangu siku hiyo anazungumza nami kupitia mwanetu. Mwambie baba yako chai iko mezani.

Nilimfuata Redio chumbani na sahani ya chakula, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamwambia ale mwanangu. Hakuinua kichwa. Akasema, "Baba, niandikie namba yoyote unayoitaka. Mimi sipimwi tena." Na mimi, badala ya kusema neno la mtu mzima, nikamwambia basi nitakuandikia kiuno cha nyigu. Sijui lilitoka wapi. Akageukia ukutani.

Sasa nimekwama. Nikiacha mazoezi, presha yangu haitaniacha, na mama mkwe ambaye siku hizi anashuka ngazi hadi chini bila kushikwa atarudi kitini. Nikiendelea, naona binti yangu anaisha mbele ya macho yangu. Kwenda tena kuzungumza naye naogopa, kwa sababu nikifungua mdomo kinachotoka ni mzaha. Nifanyeje?

Ni mimi,
Fundi wa Ghorofa ya Tatu

*

Fundi, kaka yangu,

Nimecheka, sitakuficha, maana mimi mwenyewe nikipiga magoti kutafuta kiatu chini ya kitanda huwa natafuta na mtu wa kuniinua. Nimecheka hadi nilipofika kwenye mkate. Hapo nikavua miwani.

Tuanze na mkate, mengine yote yatangoja. Mtoto anayeficha chakula kwa siku nyingi hahitaji hotuba yako wala ulinzi wako juu ya sahani yake, anahitaji kuonwa na mtu anayejua. Una bahati, mtu huyo anaishi juu ya kichwa chako. Leo hii mke wako apande kwa Sista, amweleze yote bila kupunguza, kisha wampeleke binti kliniki kwa utaratibu atakaowaonyesha. Usiseme tungoje kidogo pengine itapita. Ulipokaa kwenye ngazi na jora lako hukuambiwa usubiri ipite.

Sasa wewe. Unajua umekosea, ndiyo maana uliandika, lakini nadhani hujajua umekosea wapi. Unafikiri kosa ni ule utani wa mapazia. Utani ulikuwa mbaya, lakini uliusimamisha juu ya kitu kibaya zaidi. Nisomee tena barua yako mwenyewe. Mteja anayeogopa namba unamtajia ndogo ili asiumie. Wewe nawe, ulipoogopa yako, ukajipunguzia inchi nne bila hata kupepesa macho. Katika watu wote waliowahi kusimama mbele ya futi yako, mmoja tu ndiye uliyemsomea namba yake kwa sauti ukaifanyia mzaha, naye ana miaka kumi na minne. Adabu unayompa mteja wa suruali, binti yako aliikosa sebuleni kwake.

Tena alikuwa hana kosa lolote la mwili. Msichana wa umri huo anakua. Anaongezeka huku na kule kwa sababu ndivyo watu wanavyokuwa wanawake, na wewe unayeshona sare za shule unajua hilo kuliko mimi, kila mwaka unawaachia wasichana wa watu nafasi ya kukua kwenye mishono. Wa kwako ukataka abaki vilevile.

Nisikuponde sana. Mwanamume anayeamka alfajiri kuinua chupa za maji na mama mkwe wake ana moyo mzuri, na wapo wengi walioambiwa habari ya presha wakarudi kochini wakaomba mto. Nia yako ilikuwa sawa. Tatizo nyumba yako ilikuwa na mwalimu wa mazoezi tayari, anacheza na ufagio, anaruka kwenda jikoni, anafanya bila kuamrishwa kile mlichotakiwa kufanya wote, na hukumwona kwa sababu hakuwa na filimbi.

Mazoezi usiyaache. Ukiyaacha leo ataamini ameharibu afya ya baba yake na magoti ya bibi yake, na huo ni mzigo mwingine. Unachoacha ni kupima. Kurasa zile tano zichane, na karatasi ya mlangoni iondoe mchana, watu wote wakiwapo, useme mbele yao kwamba ulikosea kuiweka, maana ulichokitangaza hadharani huwezi kukifuta kwa kunyata. Namba yako ya kweli iseme hapo hapo, wacheke wakitaka. Presha yako atapima Sista, kwake, mlango ukiwa umefungwa. Na waambie wote waliocheka, mama mkwe kwa heshima zote, kwamba kuanzia sasa mwili wa mtu si mazungumzo ya mezani, wa mtu yeyote, hata wako.

Ile filimbi mpe mtoto wa jirani unayemchukia. Hakuna nyumba iliyopata afya kwa kuamshwa kama kambi. Kata vitambaa ukiwa umesimama, na kila ukimaliza kipande shuka ngazi upande. Mke wako aombe watu radhi akiwa anatembea chumbani kadiri waya unavyoruhusu, na asikae saa nzima bila kuinuka. Mama mkwe aendelee na chupa zake, yeye simgusi. Kijana apandishe maji na vitu vya sokoni, akimaliza aruke kamba, simu itamngoja. Jioni mke wako akitoka kazini sukumeni kochi, wekeni muziki, chezeni. Mchezo wa nusu saa unatoa jasho kama mchakamchaka, na mpangaji wa chini mwalikeni, pengine anachogongea ni wivu.

Binti usimvute mkono. Asiambiwe njoo, asiulizwe mbona hutoki, asisifiwe akichungulia. Mlango wa sebule uwe wazi tu. Inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua miezi, na katika muda huo wote sweta lako ni lake, usimwombe alirudishe.

Limebaki lile unalolikwepa, kuzungumza naye. Umesema ukifungua mdomo unatoka mzaha. Naelewa, mimi pia kwenye misiba huwa nakaa mbali na watu kwa sababu hiyo hiyo. Basi usifungue sana. Nakupa maneno, yashike kama yalivyo: "Nilikosea. Nilikuaibisha mbele ya watu. Kosa ni langu, si la mwili wako." Kisha nyamaza. Usieleze, usijitetee, usiseme lakini. Ukihisi utani unapanda kooni, kohoa. Akilia, kaa. Akikuambia utoke, toka, na kesho umsalimie kama kawaida. Atakusamehe kwa mwendo wake, na msamaha haupimwi kwa futi.

Najua gazeti hili unalisoma umeketi. Likunje uliweke juu ya cherehani, inuka, nenda ukabishe hodi mlangoni kwa binti yako. Akikuambia usubiri, subiri ukiwa umesimama.