Manjano ya Siku Saba

Jumamosi, 12 Oktoba 1996

Nimefungiwa! Siku saba katika chumba cha Mama, hapa Bwiza, dirisha limezibwa kwa kitenge ili jua lisinione. Jumamosi ijayo napelekwa kwa Aboubacar. Ndoa yenyewe ilifungwa msikitini mwezi uliopita. Mimi ni mke wa mtu tayari, ila bado nalala kwa Mama.

Mkuu wa gereza ni Shangazi Mwanasiti, dada wa marehemu Baba. Alinikagua uso kama anayenunua kitambaa, akauliza nilikuwa napaka nini. Krimu ya kopo, nikamwambia, ile ya dukani, kabla embargo, vikwazo hivi vya nchi jirani, haijaimaliza. Akasonya.

"Hiyo inaunguzaka mutu. Jikoni kuna kila kitu."

Na kweli, katoka jikoni na bakuli: unga wa mchele, manjano ya kutwanga, asali, maziwa mgando. Kanipaka kuanzia shingoni mpaka nyayo, kasubiri ikauke, kasugua kwa kiganja. Taka zilidondoka kama makombo ya mkate. Sasa nanuka mchuzi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Leo avoka iliyopondwa, usoni na kichwani. Mama alipoita chakula nikamjibu kwamba saladi iko huku chumbani. Shangazi hakucheka.

Mchana akanikalisha juu ya chetezo cha udi, blanketi mpaka shingoni. Joto! Nililalamika. Mama akasema kwa upole nishukuru kwamba nanukia. Baba alipofariki yeye alikaa eda miezi minne na siku kumi — hakuna manukato, hakuna hina, hakuna wanja. Maji matupu na sabuni ya kufulia. Ni Shangazi huyu huyu aliyekuja na kapu akakusanya chupa zote za Mama. Nilikuwa nimesahau. Nilikaa juu ya chetezo mpaka makaa yakapoa.

Aboubacar yuko Uvira, ng'ambo ya mpaka, tangu wiki iliyopita. Vipuri hakuna mjini, na kuna lori gerejini kwao linangoja pampu. Kaahidi kurudi Alhamisi. Uvira si mbali, hata saa moja haifiki!

Alhamisi, 17 Oktoba

Hajarudi.

Epiphanie, jirani yetu, sekretari huko mjini, kasimama na Mama karibu na dirisha langu. Anasema mpaka umefungwa, vita vinakaribia Uvira. Mama akamwomba ashushe sauti. Wanadhani manjano yameniziba masikio.

Jumamosi, 19 Oktoba

Leo ndiyo ilikuwa siku. Mchele wa pilau umerudishwa kwenye gunia.

Nikasema basi, nitoke. Nifue, niende Jabe sokoni, nipumue kidogo. Shangazi akaziba mlango kwa mwili wake wote, na si mdogo.

"Apana. Mwali hatoke mupaka bwana yake akuye. Ukitoka mbele yake, unamufungia njia."

Nani kasema? Bibi yake kasema. Nililia kwa hasira, manjano yakaniingia machoni, na yeye akaendelea kunisugua mgongo.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimefanya upumbavu.

Shangazi alinipaka maji ya limau shavuni, kwa ajili ya vidoa vilivyoachwa na krimu. Akaenda kuswali adhuhuri. Nikasikia watu wanapita njiani, wanasema Uvira, Uvira. Nikatoka! Nikasimama langoni, jua la utosi, limau usoni, nikimuuliza kila mwenye furushi: hukumwona fundi mmoja mrefu, Aboubacar, ana kofia ya bluu? Hakuna. Mama mmoja alinitazama rangi yangu akanihurumia, akadhani naumwa ini. Nadhani nilikaa pale nusu saa.

Shangazi akanikuta. Hakunigombeza. Kajishika kichwa kwa mikono miwili.

"Limau na jua, we mutoto! Limau inapakwaka ndani, unaosha, ndiyo unatoka!"

Shavu linawaka moto. Lakini si shavu linaloniuma. Nimetoka kabla hajarudi. Siamini mambo ya kufunga njia. Siamini hata kidogo. Ningekuwa siamini, nisingeandika hapa mara mbili.

Alhamisi, 24 Oktoba

Shavu limevimba. Malengelenge mawili. Limau limepigwa marufuku nyumba nzima, hata kwenye samaki wadogo wa ndagala.

Epiphanie kaleta majani ya shubiri kutoka ua wake, yale manene yenye miiba. Shangazi anayapasua, ananipaka ute wake. Baridi tamu. Usiguse, usikwangue, usilalie upande huo. Nimegeuka yai.

Jumapili, 27 Oktoba

Malengelenge yamekauka. Limebaki doa jeusi, ukubwa wa harage. Redio ikasema Uvira imetekwa — Mama akaizima haraka, kana kwamba redio ndiyo iliyoiteka.

Nimejiwekea ishara ya kijinga: doa likifutika, atakuwa amefika. Basi nalitazama kwenye kioo kutwa nzima. Mwili wote sasa ni laini kama wa mtoto mchanga, hata viwiko! Sijawahi kuwa mzuri hivi maishani mwangu. Kwa ajili ya nani? Siku ya kumi na sita leo, na anayeniona ni Shangazi tu.

Naogopa. Sina wa kumwambia, naandika hapa: naogopa.

Jumatano, 30 Oktoba

Doa limepauka. Shubiri asubuhi, asali jioni.

Shangazi akinisugua nyayo kwa jiwe kanifunulia siri. Kabla ya kuondoka, Aboubacar alimfuata kwake na kilo ya sukari — sukari, wakati huu! — akamwomba jambo moja.

"Eti, Shangazi, musimubadilishe sana. Mi nataka nimutambue."

Tukacheka mpaka Mama akaja kuuliza kuna nini. Nimekuwa nacheka peke yangu tangu hapo. Mjinga yule! Akija nitamwambia nilisikia.

Ijumaa, 1 Novemba

Asubuhi manjano, kama kawaida. Mchana — Byamungu kaja! Fundi mwenzake Aboubacar, mtu mzima wa watoto wanne. Waliondoka pamoja kwenda Uvira. Kavuka kwa mtumbwi, nadhani, maana nilisikia anataja ziwa.

Nikakimbilia mlango. Haufunguki. Shangazi kaushikilia upande wa pili. Uani walikuwa wanaongea chini chini, sikuambulia kingine, isipokuwa Mama, mara moja, kwa sauti:

"Uliona na macho yako?"

Jibu sikulisikia. Byamungu kaondoka bila kunywa chai.

Shangazi alipoingia nikamuuliza Aboubacar yuko wapi. Akanijibu huku anakunja blanketi ambalo lilikuwa limekunjwa.

"Byamungu amechoka sana. Hajue anachosema. Ngoja kwanza."

Jioni hawakuleta chetezo. Mama anasema makaa yamelowa. Mvua haijanyesha tangu juzi.

Jumamosi, 2 Novemba

Doa limekwisha! Lazima niligeuze shavu kwenye mwanga ndipo nilione, na hata hivyo ni kivuli tu. Nikamwita Shangazi aje aone.

Kaja. Hana bakuli. Mkono mmoja ndoo ya maji, mwingine kapu, na ndani ya kapu kipande cha sabuni ya kufulia. Akasema leo nioge kwa maji. Nikauliza manjano yako wapi. Yameisha. Asali je? Imeisha. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake, asali naiona juu ya meza jikoni, chupa nusu.

Akatoa sabuni, akaanza kukusanya. Mafuta. Udi. Wanja. Ile chupa ndogo ya marashi aliyoninunulia Aboubacar. Anaweka kimoja kimoja kwenye kapu, polepole, visigongane. Shavu langu hakulitazama. Mama kasimama mlangoni, kaziba mdomo kwa ncha ya kitenge.

Sikuuliza. Nikiuliza, atanijibu.

Nimewaomba dakika moja nivue nguo, wametoka. Naandika haraka. Bakuli la jana asubuhi walilisahau chini ya kitanda, manjano yamekaukia pembeni. Nimeyatia tone la maji ya ndoo, nimejipaka shavuni, hapa palipokuwa na doa. Nimejipaka na shingoni. Yamebaki kidogo, hayo ni ya mikono.

Shangazi anabisha hodi. Wiki tatu nzima anaingia tu. Sasa anabisha, halafu anangoja.