Darubini Aliyoitaka Haji

Sahibu yangu Mcha,

Barua hii nnaiandika kwa mkono wangu mwenyewe, usidhani nimeandikiwa na mtu. Wewe umekufa mie sijui hata kutia jina langu, napiga dole gumba. Sasa nnasoma kisomo cha watu wazima hapa Bububu, na katika wazee wote wa darasa lile hakuna anayenifikia. Yupo Bi Mwanaidi, lakini yeye alianza kabla yangu, hahesabiki.

Tangu tukuzike, wenzetu wa msako hawaingii tena vichaka vya maweni ya Muyuni. Nguruwe wanakula mihogo ya watu kama wameipanda wao. Wenzetu wananambia niongoze mie. Nawaambia goti linauma. Si goti, Mcha.

Nikueleze kwanza la mwanao Haji. Amekuja likizo kutoka bara, bado ni bwana nyama kule milima ya Uluguru, anawalindia watu mashamba. Bunduki kaiacha huko, kaja kutafuta darubini ya kutia juu yake. Kaja kwangu moja kwa moja. "Shikamoo, Ami Pandu. Baba hayupo, utanichagulia wewe." Nikamwitikia marahaba, nikamwambia kafika kwa mwenyewe, kwani kutoka Nungwi mpaka Kizimkazi nani alilenga kama mie? Wewe nyamaza.

Tukenda Mji Mkongwe kwa Premji fundi saa, yule anayesema "kesho tayari" kwa kila kitu. Akatuwekea darubini mbili mezani. Moja nene kama mchi, inakuza mara tisa. Ya pili nyembamba, mara nne tu. Mkono wa Haji ukaenda kwenye ile nene. Akasema milimani mnyama husimama ng'ambo ya bonde, mbali. Na mie kinywa kilishafunguka nimwambie chukua. Si aina hiyohiyo niliyoinunua mie miaka ile, dukani humohumo, ukanicheka mpaka ukakaa chini? Ulisema, "Pandu, jicho kubwa haliongezi akili."

Nikatoka na ile nene barazani, nikaitia jichoni. Mbele ya duka, upande wa pili wa kichochoro, pana mlango mkubwa wa misumari ya shaba. Nikautafuta mlango mzima, sikuuona. Nikaona msumari mmoja, unatetemeka. Mtetemeko ule ni wa mkono wangu. Nikateremsha kidogo, nikaona kitu cha rangi ya udongo kinapumua, sikujua ni nini. Nikaitoa darubini jichoni. Paka, kalala kizingitini.

Nikamrudishia Haji darubini. Nikakaa pale barazani, Premji akaniletea maji.

Sasa nnakwambia. Siku ile Muyuni, mbwa wako Simwachi hakuuliwa na nguruwe. Nilimuua mie.

Wenzetu walikuwa wanakuja na makelele yao kuwatoa nguruwe kichakani. Mie niko juu ya jiwe na darubini yangu mpya, nnataka mwone nnavyopiga kwa mbali. Sheria ya msako ulinifunza wewe: usifyatue mpaka uone kichwa na mguu. Niliona kipande cha ngozi tu. Kichwa sikukiona. Mguu sikuuona. Nikafyatua.

Nilipofika nikamkuta Simwachi. Mbwa uliyemlea kwa uji wa bakuli lako, mpaka majirani wakakusema. Nikatoa kisu, nikalipanua jeraha lifanane na la meno ya nguruwe. Ulipokuja nikakwambia nguruwe kampasua. Ukaniuliza, na ule mlio wa bunduki? Nikasema nililenga nguruwe nikamkosa. Mie, Pandu, nikasema mbele ya watu kwamba nimekosa. Lini ulipata kunisikia nikisema neno hilo?

Ukapiga magoti, ukamfumba macho kama binaadamu. Mie nimesimama juu yako, nnawatukana nguruwe.

Haya yote nilimwambia Haji palepale barazani. Akawa anaigeuzageuza ile darubini nene mikononi. Halafu akaniuliza, "Baba alijua?"

Nikaitoa ile nene mikononi mwake. Nikamwambia achukue ile ndogo. Mlimani, Haji, utafika juu unahema, na ile kubwa itakukuzia na kuhema kwako. Ukungu ukishuka utabaki unatazama kipande cha weupe. Hii ndogo itakuonyesha mnyama mzima, na aliyesimama ubavuni mwake. Maneno ni yako, Mcha, nimeyasema kama yangu. Akaichukua ndogo. Tulipoagana alinishika mkono, lakini hakunambia haidhuru. Nimempenda kwa hilo.

Swali lake halikuniacha. Nimekumbuka kwamba baada ya Simwachi hukufuga mbwa mwingine. Tukiingia maweni ulikuwa unatangulia wewe, kazi ya mbwa ukaifanya wewe, mbele ya mtutu wangu. Na kila mara unageuka, unasema pole pole, "Kichwa na mguu, Pandu." Zamani hukuwa ukinambia. Mie nikikasirika, nikikwambia hunifunzi kitu.

Ulijua, Mcha. Ulijua, na bado ukanipa mgongo wako miaka yote ile.

Darubini yangu nimeifungua kwenye bunduki, nimempelekea Premji aivunje atoe vioo. Ijumaa, watu wakitoka msikitini, nitawaambia wenzetu wa msako kama nilivyomwambia Haji. Watakaocheka na wacheke. Kisha nitaingia nao maweni, bila bunduki. Nitatangulia mie.

Mungu akulaze pema, sahibu yangu. Haji kaahidi kuandika akifika milimani. Barua yake nitakuja nayo kaburini kwako nikusomee, na nikikwama kwenye neno sitaliruka.

Mie wako,
Pandu