Kupanda Kwako kwa Njia ya Ngolo

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa barazani, kwenye nyumba uliyotuachia, nimeketi mkekani na miguu nimeinyoosha kama ulivyokuwa ukikaa wewe. Magoti yananiuma kidogo. Nitakueleza kwa nini.

Unakikumbuka kile kiti cha mikono tulichokununulia Mbinga mjini, mimi na marehemu kaka? Tulidhani tunakupumzisha. Likizo iliyofuata tulikikuta uani, umekianikia maharage. Kaka akanuna. "Mama, kiti hukipendi?"

"Nakipenda sana," ukasema. "Kuku hawayafikii."

Kisha ukaweka mkono mmoja gotini, ukajiinua kutoka mkekani, ukaenda kutusongea ugali.

Siku hizi nikikukumbuka nakuona zaidi shambani kuliko jikoni. Baba na kaka walifyeka majani na kuyalaza kwa miraba mlima mzima. Wewe na mimi tulifuata na majembe, tukichimba udongo wa katikati na kuyafunikia, mpaka kila mraba ukawa shimo lenye kingo pande zote. Ngolo zetu. Mvua ikinyesha, maji hayakupata nafasi ya kukimbia. Yalitulia shimo hadi shimo, na mlima ukabaki na udongo wake.

Ulipozeeka hukuacha kulima. Kwanza ulituachia ngolo za juu. Kisha ukaacha kuchimba, ukawa unapanda maharage tu kwenye kingo. "Mwaka huu nina za chini," ulisema, kana kwamba umezichagua sokoni. Ulipoishiwa nguvu za kuvuka bonde kwenda kwa mama mdogo, ulisimama nyuma ya nyumba ukamwita kwa sauti, naye akaitika kutoka ng'ambo, mkapeana habari zote za ukoo na kijiji kizima kikasikia.

Na njia yako ya kupanda mlima. Hukuupanda moja kwa moja. Ulipita juu ya ukingo kwa ubavu, ukasimama kwenye pembe, ukavuta pumzi, ndipo ukaushika ukingo wa juu yake. Mimi, msichana wa chuo cha ualimu, nilikuwa nimeshafika, nakungoja.

"Mama, si upite hapa katikati?"

"Unakimbilia wapi? Maharage hayajaota miguu."

Nilipangiwa kazi Tabora, nikaolewa huko, nikamzika mume wangu huko. Ni nchi ya tambarare, Mama, haimkumbushi mtu kwamba ana magoti. Nilipostaafu nilijiunga na kikundi cha jogingi cha mtaani. Lengo langu lilikuwa moja: wale wa umri wa binti yangu wasiniache nyuma. Wakati fulani hawakuniacha. Kisha goti la kulia likavimba, nikaona aibu kwenda nao polepole, nikaacha kila kitu. Nikawa mtu wa kiti. Siku moja niliketi sakafuni kuchagua mchele, nikashindwa kuinuka mpaka jirani alipopiga hodi.

Hospitalini, kijana wa mazoezi ya viungo hakuniuliza nataka kukimbia umbali gani. Aliuliza, "Mama, unataka mwili ukufanyie nini?" Nilijishangaa kwa jibu lililonitoka: nataka kupanda mlimani alikozikwa mama yangu, nipige magoti kaburini, niinuke mwenyewe.

Basi tukaanzia hapo. Kuinuka bila kushika mikono ya kiti. Kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, uji ukichemka. Kubeba ndoo ya maji nusu, si kamili, bila kuona nusu kuwa fedheha. Na mwisho, mkekani: kushuka na kupanda, kushuka na kupanda. Ndipo nilipokufahamu. Hukuwa unashindwa kidogo kidogo, kama nilivyodhani. Kila mwaka uliutafutia mwili ulionao kazi yake.

Nilipopiga simu kwamba nakuja, Osmundi, mwana wa kaka, alinihurumia. "Shangazi, usihangaike. Vijana tupo, tutakubeba na kiti hadi kwa bibi."

"Mimi si jeneza, Osmundi."

Jana asubuhi tulikwenda. Kumbe alikuwa amenitengenezea njia, maskini, amevunja ukingo mmoja baada ya mwingine, njia imenyooka kama ngazi toka nyumbani hadi kwako. Niliitazama, pumzi ikanikatika kabla ya kuanza.

"Mvua moja tu hii itakuwa mto," nikamwambia. "Bibi yako angekufukuza na mpini."

"Nilitaka usichoke, shangazi."

"Nitachoka. Njoo nyuma yangu."

Nikashika ukingo, kwa ubavu. Pembe, pumzi. Ukingo, pembe, pumzi. Baada ya pembe kadhaa Osmundi akaanza kunieleza habari za kahawa yake, nikajua hana tena hofu. Tulipofika, hewa ilikuwa safi, ziwa lilionekana kule chini. Nilipiga magoti, nikasali, nikang'oa majani yaliyokuzunguka. Niliposhika goti ili niinuke, nilikwama. Osmundi akanyoosha mkono.

"Subiri," nikasema.

Akasubiri. Nikaliegemea jembe nililokuja nalo, mkono mwingine gotini, kama wewe mkekani. Nikasimama. Kwa kushuka nilimpa mkono bila kuombwa. Kushuka ndiko kunakovunja watu, na sikuwa na cha kumthibitishia mtu tena.

Asubuhi hii amekwenda kuzirudishia kingo. Nasikia jembe lake.

Sijui mwakani goti litanifikisha wapi. Huenda kwenye ngolo za katikati. Huenda nikaishia nyuma ya nyumba. Nitasimama hapo ulipokuwa ukisimama, nitakuita kwa sauti. Uitike tu, Mama.

Ni mimi,
binti yako wa Tabora